Datsun 1600 SSS, Weber mbili na jeti kuu zilizosingiziwa: uchambuzi wa kisa

Gari lenyewe ni Datsun 1600 SSS, lile umbo la 510 ambalo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally mwaka 1970. Injini ya L16 imefanyiwa ovahoo kamili Nairobi: silinda zimechongwa kutoka milimita 83 hadi 83.5, pistoni na ringi ni mpya, vali zimesagwa na viti vyake vimekatwa upya. Kwa kuwa pistoni inatembea milimita 73.7, ujazo umepanda kutoka sisi (cc) 1,595 hadi 1,614, tofauti ndogo isiyobadili hesabu ya kabureta. Kamshafti ni ya kiwandani. Kabureta mbili za asili za Hitachi zimewekwa kando na nafasi yake imechukuliwa na Weber 40 DCOE mbili za mtumba, toleo la zamani la Italia. Kila silinda sasa ina koo lake, yaani njia yake ya hewa ndani ya kabureta.

Malalamiko yalikuwa hivi. Gari linawaka bila shida na sailensi (injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta) imetulia kwenye mizunguko 900 kwa dakika. Dereva akiondoka taratibu, kati ya mizunguko 1,800 na 2,800 gari linalegea, linapiga chafya kupitia tarumbeta za kabureta (midomo ya kuvutia hewa), halafu linaruka mbele ghafla. Likikanyagwa mafuta hadi chini linavuta, ila linaacha moshi mweusi nyuma, na likipita 5,500 linakuwa zito. Plagi zote nne zina masizi makavu. Kijiti cha oili kinanuka petroli.

Gereji ilipokabidhi gari, jeti kuu (vipande vyenye tundu linalopima petroli) zilikuwa namba 125. Chafya zilipoanza zikawekwa 130, kisha 140. Kila zilipopandishwa moshi uliongezeka, na chafya zikabaki palepale. Namba ya jeti kuu ni kipenyo cha tundu kwa mamia ya milimita, yaani 125 ni milimita 1.25. Kutoka 125 hadi 140 eneo la tundu linaongezeka kwa asilimia 25. Injini iliyopewa petroli robo zaidi kwenye njia kuu na bado ikapiga chafya ya njaa ilikuwa inasema wazi kwamba njaa yake haiko kwenye njia kuu.

Jeti ipi inafanya kazi, na wakati gani

Kosa hili ni la kawaida kiasi kwamba inafaa kulieleza kwa kirefu. Wengi huamini jeti ya sailensi ni ya kusimama kwenye taa za barabarani tu, na kwamba gari likishaondoka jeti kuu ndiyo inayolisha. Kwenye DCOE mambo hayako hivyo. Kipepeo, yaani bamba linalofungua na kufunga koo, kikiwa kimefungwa, petroli inapita kwenye tundu dogo linalodhibitiwa na skrubu ya mchanganyiko. Kikianza kufunguka, ukingo wake unapita mbele ya matundu madogo yaliyopangwa ukutani mwa koo, moja baada ya jingine, na kila tundu linaloachwa wazi linaongeza petroli. Hayo ndiyo matundu ya mpito, na yote yanakunywa kutoka jeti ya sailensi. Kwa mguu mwepesi, injini kama hii inaishi kwenye jeti ya sailensi hadi karibu mizunguko 3,000. Jeti kuu inaanza kumwaga pale upepo kwenye venturi (sehemu ya koo iliyobanwa) unapokuwa na kasi ya kutosha kuivuta petroli hadi kwenye venturi ndogo ya katikati.

Jambo hili halihitaji mashine kulithibitisha. Injini ikiwa ya moto na gari limesimama, fungua kifuniko cha chujio, vaa miwani, simama pembeni badala ya kuinama juu ya tarumbeta, na mwenzako apandishe mizunguko polepole. Venturi ndogo itabaki kavu kwa muda mrefu kuliko unavyotarajia. Kwenye gari hili ilianza kutoa petroli karibu na 2,900. Chafya zilikuwa zinaisha kwenye 2,800.

Swali linalofuata huwa ni kwa nini gari likikanyagwa kwa nguvu linaondoka vizuri. Ni kwa sababu pampu ya kuongezea kasi inarusha petroli kooni kila pedali inapobanwa haraka, na mrusho huo unaziba pengo kwa sekunde moja hivi. Kasoro ya mpito hujificha kwa dereva mwenye haraka na kujitokeza kwa anayeendesha kwa upole kwenye foleni ya Mombasa Road.

Kuna jaribio jingine rahisi kwa gari ambalo bado lina waya wa choku. Ukiwa kwenye mwendo unaosumbua, vuta choku kidogo sana. Gari likitulia, mchanganyiko ulikuwa mwepesi, yaani wenye petroli kidogo. Likizidi kukohoa, ulikuwa mzito, yaani wenye petroli nyingi. Hapa lilitulia.

Kabla ya kugusa jeti hata moja

Injini iliyotoka ovahoo ina mambo mengi yanayoweza kujifanya kabureta, kwa hiyo ilianza kukaguliwa kutoka chini. Oili ilimwagwa kwanza. Petroli iliyozidi huosha utando wa oili kwenye kuta za silinda na kushuka hadi kwenye sampu, na ringi mpya ambazo hazijakaa zinaweza kuharibiwa hivyo kabla gari halijamaliza wiki. Kupima kwa mzigo kamili kuliahirishwa hadi gari litimize kilomita 1,000.

Kompresheni, injini ikiwa ya moto na vipepeo vya kabureta vimefunguliwa kabisa, ilikuwa kati ya psi 147 na 150 kwenye silinda zote. Anayelinganisha na kitabu ataona ni ndogo, lakini kitabu kimeandikwa kwa usawa wa bahari. Nairobi, kwenye takriban mita 1,700, mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 83 ya ule wa pwani, na psi 148 ya hapa ni sawa na karibu 178 ya Mombasa. Injini ni nzima. Tapeti zilipimwa zikiwa moto: milimita 0.25 kwa vali za kuingiza, 0.30 kwa za kutoa. Taimingi (wakati wa cheche) ilikuwa nyuzi 12 kwenye sailensi na jumla ya 34 juu ya mizunguko 3,500. Plagi mpya za BP6ES ziliwekwa kwa mwanya wa milimita 0.8, kwa sababu plagi iliyokwisha kuvaa masizi haisemi ukweli tena.

Hewa ya wizi, ile inayoingia kwenye maungio, ilipatikana kwenye kabureta ya nyuma, ile ya silinda ya 3 na 4. Kabureta hizi hufungwa juu ya bamba lenye ringi za mpira, na nati zake hukaa juu ya washa za springi ili kabureta itikisike kidogo bila petroli kutoa povu kwenye bakuli la floti. Aliyezifunga alikaza nati hadi washa zikalala bapa, mpira ukabanwa upande mmoja na kuachia upande wa pili. Ukipuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye maungio hayo, sailensi ilibadilika mara moja. Ringi mpya ziliwekwa na nati zikakazwa hadi ukabaki mwanya wa karibu milimita moja kati ya mikunjo ya washa. Chafya zilipungua upande huo, lakini hazikuisha.

Petroli nayo ilikuwa na yake. Pampu ya umeme iliyofungwa wakati wa ovahoo ilisukuma psi 5.5. DCOE inataka kati ya 2.5 na 3, ikizidi 3.5 sindano ya floti inashindwa kufunga na petroli inapanda. Regulata iliwekwa na kupimwa kwa geji, maana namba zilizoandikwa kwenye kitufe cha regulata za bei nafuu hazina uhusiano wowote na kinachotoka. Kina cha floti kwenye kabureta hizi zenye floti ya shaba ni milimita 8.5 kutoka gasketi ya kifuniko hadi floti ikiwa imefunga, na 15 ikiwa imeshuka kabisa. Kilichokutwa ni 7, yaani bakuli lilikuwa linajaa kupita kiasi. Kupima kuna namna yake: kifuniko kishikwe wima, floti ining'inie, ulimi uguse tu kitufe cha sindano bila kukibonyeza. Ukikilaza kifuniko, uzito wa floti unabonyeza springi ya sindano na kipimo kinakuwa cha uongo. Vipimo hivi si vya kila DCOE. Toleo lenye floti ya plastiki lina vyake, hivyo soma namba iliyogongwa kwenye kifuniko kabla ya kukunja chochote.

Baada ya shinikizo na kina kurekebishwa, chafya zilizidi. Wapo ambao hapo wangerudisha kila kitu kilivyokuwa. Lakini ndivyo ilivyopaswa kuwa: petroli iliyokuwa inafurika kutoka bakulini ilikuwa inafunika sehemu ya njaa, na ilipoondolewa njaa ikaonekana kwa ukubwa wake halisi.

Kasoro ya mwisho kabla ya jeti ilikuwa nafasi ya vipepeo. Juu ya kila koo la DCOE kuna plagi ndogo ya shaba. Ukiifungua na kumulika ndani unaona matundu ya mpito na ukingo wa kipepeo. Kwenye sailensi, ukingo unatakiwa kuwa haujalifikia tundu la kwanza. Hapa skrubu ya kasi ilikuwa imeingizwa mzunguko mmoja na nusu, na tundu la kwanza lilikuwa wazi tayari. Nafasi ya mpito ilikuwa imeliwa hata kabla dereva hajagusa pedali. Skrubu ilirudishwa hadi nusu mzunguko baada ya kugusa, kisha kabureta mbili zikalinganishwa kwa kipima upepo kwenye tarumbeta, nati ya lingki ikafungwa. Makoo mawili ya kabureta moja yana spindo moja (mhimili unaobeba vipepeo), kwa hiyo yakitofautiana sana hakuna skrubu itakayosaidia. Spindo imepinda, na kawaida ni kwa sababu mtu alikaza nati ya wenzo bila kuushikilia.

Jeti ya sailensi

Zilizokutwa zilikuwa 45F2. Namba ya kwanza ni tundu la petroli, milimita 0.45. Herufi F na namba yake ni jina la mpangilio wa tundu la hewa, wala si ukubwa unaopanda kwa mfuatano: F2 iko upande mwepesi, F8 katikati, F9 ni nzito kidogo, na F6 ndiyo nzito kuliko zote zinazotumika. Ndiyo maana mtu anaweza kununua 45F2 na 45F6 akidhani ni karibu kitu kimoja na akapata magari mawili tofauti kabisa.

Dalili ilikuwa kwenye skrubu za mchanganyiko tangu mwanzo. Kwenye kabureta hizi za zamani zenye skrubu za nyuzi nene, sailensi nzuri hupatikana karibu na mzunguko mmoja kutoka ilipofungwa. Hizi zilikuwa zimefunguliwa miwili. Skrubu inayofunguliwa sana inaomba petroli ambayo jeti haina. Kwenye matoleo ya baadaye yenye nyuzi nyembamba, miwili hadi miwili na nusu ni kawaida, kwa hiyo usichukue namba ya kabureta moja kuipeleka kwa nyingine.

Sensa ya oksijeni iliwekwa kwenye bomba la eksosi baada ya matawi kuungana, kabla ya maungio yoyote yanayovuja, kwa sababu eksosi inayovuta hewa ya nje huonyesha wepesi usiokuwepo. Silinda inayomisi nayo hufanya hivyo hivyo, kwani hewa ambayo haikuungua hupita hadi kwenye sensa. Kwa 45F2, mizunguko 2,400, gia ya nne na mguu mwepesi, kipimo kilizunguka kwenye 17, yaani kilo 17 za hewa kwa kilo moja ya petroli; kwa sababu ya kumisi, 17 hiyo isomwe kama "mwepesi mno" tu.

Ilifuata 45F8. Kipimo kilishuka hadi karibu 15 na chafya zikabaki kama mtikisiko mdogo kwenye 2,200. Kwa 50F8 mtikisiko uliisha, lakini mwendo wa kawaida ukawa 12 na harufu ya petroli ikarudi. Tofauti kati ya kubadili namba na kubadili F inaonekana hapa: tundu la petroli likikua, njia nzima inakuwa nzito, kuanzia sailensi; hewa ya F ikipunguzwa, uzito unaongezeka zaidi pale mpito unapovuta kwa nguvu. Jeti iliyofaa ilikuwa 45F9: kwenye 2,400 kipimo 13.7, hakuna chafya, skrubu za mchanganyiko zikakaa zote nne karibu na mzunguko mmoja kamili. Injini yenye koo kwa kila silinda haipendi 14.7 ya kitabu (hewa inayotosha kuunguza petroli yote) kwenye mwendo mwepesi. Inataka uzito kidogo zaidi, na kuibana kwa ajili ya kuokoa petroli kunairudisha kwenye kukohoa.

Tundu la milimita 0.45 linazibwa na punje moja ya kutu. Tangi la gari lililokaa miaka likisubiri ovahoo lina kutu ya kutosha kuziba jeti zote nne kwa safari moja, na silinda moja iliyokosa petroli ya sailensi inafanana sana na jeti iliyochaguliwa vibaya. Chujio kizuri kiwekwe kabla ya regulata, na tangi lioshwe. Hili halikuwa tatizo la gari hili, lakini ni la magari mengi ya aina yake.

Jeti kuu na jeti za hewa

Sasa tu ndipo jeti kuu zilipoguswa. Zilipotolewa na kupimwa kwa pini za kaliba, mbili kati ya zile nne za 140 zilipitisha pini ya 1.45. Zilikuwa zimetobolewa. Kutoboa jeti kwa kijiti cha kuchongea ni desturi iliyozoeleka, na ubaya wake hauko kwenye ukubwa peke yake: mdomo wa jeti umechongwa kwa pembe maalumu, na tundu la kipenyo kilekile lenye mdomo uliokwaruzwa linapitisha kiasi kingine. Namba iliyogongwa inabaki, maana yake inapotea. Jeti kama hizo zitupwe, zisiwekwe kwenye kopo la "huenda zikafaa".

Kwa kuanzia kuna hesabu ya zamani inayofanya kazi: venturi mara nne. Venturi hizi ni 32, kwa hiyo 128, yaani 125 au 130. Mrija wa povu, unaochanganya hewa na petroli ya jeti kuu, huchaguliwa kwa ujazo wa silinda moja. Sisi 403 inaangukia kwenye F16, na ndio uliokuwepo. Jeti ya hewa, inayopima hewa ya mrija huo, huanzia kwenye jeti kuu pamoja na 50, kwa hiyo karibu 175. Zilizokutwa zilikuwa 155.

Vipimo vya mzigo kamili vilichukuliwa kwenye mashine ya dyno (ya kupimia nguvu), gia ya tatu. Kwa jeti za 140 na hewa 155, kwenye mizunguko 5,000 kipimo kilikuwa 10, mchanganyiko mzito kiasi cha kuiba nguvu na kuosha silinda. Jeti mpya za 125, hewa ileile ya 155: 13.0 kwenye 3,500, 12.4 kwenye 5,000, halafu 11.8 kwenye 6,200. Mstari unaoinamia uzito kadiri mizunguko inavyopanda ni kazi ya jeti ya hewa, kwa sababu athari yake ni kubwa juu kuliko chini. Kwa hewa 175 ilikuwa 13.1, 12.8 na 12.5. Gari likaacha kuwa zito baada ya 5,500.

Hapo utaratibu una mantiki yake: jeti kuu huchaguliwa kwa katikati ya mizunguko, jeti ya hewa kwa juu. Anayeanza na hewa hujikuta akizunguka bila kufika, kwa kuwa kila anapobadili jeti kuu mstari mzima unahama. Kupandisha jeti ya hewa kunapunguza petroli kama kushusha jeti kuu, ila zaidi kwenye mizunguko ya juu.

Jeti za pampu zilikuwa 40 na ziliachwa. Fundi wa kwanza alikuwa ameshauri 50 kwa ajili ya chafya, na bila shaka zingesaidia kwa dereva anayekanyaga kwa kishindo. Zingekuwa bandeji juu ya jeti ya sailensi isiyofaa.

Asiye na sensa anaweza kufika karibu kabisa na hapa kwa plagi mpya: mvuto wa mzigo kamili sehemu iliyofungwa kwa magari mengine, kisha kubana klachi na kuzima swichi kwa wakati mmoja, na kuangalia mzizi wa kaure ndani kabisa kwa lenzi. Rangi ya ncha ya plagi, inayosomwa na wengi, inaonyesha zaidi mwendo wa mwisho wa kuingia gereji.

Mombasa

Gari lilikuwa safi Nairobi. Mwenyewe analipeleka pwani mara kadhaa kwa mwaka, kilomita kama 480, na huko ndiko kisa kilikoendelea.

Kabureta inapima hewa kwa kasi yake, haijui uzito wake. Hewa ikiwa nyepesi, petroli inayovutwa haipungui kwa kiwango kilekile. Inapungua kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa uzito huo. Hewa ya Nairobi kwa nyuzi 22 za joto ina uzito wa karibu asilimia 85 ya ile ya Mombasa kwa nyuzi 30. Ukikokotoa, gari lilelile lenye jeti zilezile ni zito kwa petroli kwa takriban asilimia 8.5 Nairobi kuliko Mombasa. Na eneo la tundu la 130 linazidi la 125 kwa asilimia 8.2. Kwa maneno mengine, kutoka Nairobi hadi baharini ni hatua moja ya jeti kuu, karibu kamili.

Ikiwa 125 inatoa 12.8 Nairobi, pwani itatoa karibu 13.9 kwa mzigo kamili. Na wakati huohuo silinda inajazwa hewa nzito zaidi, mgandamizo unapanda, joto la mazingira limepanda. Ndivyo ilivyokuwa: wakati wa kurudi, kwenye mlima wa Mazeras, gia ya tatu na watu wanne ndani, injini ilipinki (mlio wa kugonga wa petroli inayolipuka vibaya) kati ya 3,000 na 4,000. Kupinki kwenye pistoni mpya si jambo la kuvumilia hadi nyumbani, na likitokea barabarani dawa ya papo hapo ni kuachia mafuta na kushusha gia. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huleta mlio uleule, kwa hiyo tangi lilijazwa upya kwenye kituo kingine kabla ya kulaumu jeti. Mlio uliendelea.

Jeti za 130 zilipowekwa pwani, kipimo kilirudi 12.9. Taimingi ikapunguzwa kwa nyuzi mbili, jumla 32, na kupinki kukaisha. Jeti za sailensi hazikubadilishwa. Mwendo mwepesi ulifika karibu 14.8 bila chafya, na skrubu za mchanganyiko zilifunguliwa robo mzunguko.

Uzuri wa DCOE ni kwamba kazi hii haihitaji kufungua kabureta. Kifuniko cha duara juu kimeshikwa na nati moja ya mabawa. Chini yake jeti kuu, mrija wa povu na jeti ya hewa vinatoka vikiwa vimeshikana, kwa bisibisi bapa inayojaa mfereji sawasawa. Injini ipoe kwanza, na tarumbeta zizibwe kwa kitambaa, maana jeti ikidondokea humo manifoldi itabidi ishuke. Kushuka, mahali pa kubadilishia ni Mtito Andei au Voi, ambako tayari uko chini ya mita 800. Kupanda, hakuna haraka: 130 Nairobi ni karibu 11.8, inakula petroli na kuchafua plagi lakini haivunji kitu. Kwa sababu hiyo, asiyetaka kubadili kabisa aweke 130 na aishi nazo. Kubaki na 125 pwani ndiko kusikokubalika. Anayeelekea upande wa pili, Timboroa yenye zaidi ya mita 2,700, ataona 12.8 ya Nairobi ikielekea 12.1, hilo halihitaji jeti.

Upungufu wa nguvu wa Nairobi, karibu asilimia 15, hauna jeti. Gari lililopimwa dyno ya Nairobi lisilinganishwe na namba za mtu aliyepima pwani au Ulaya, na fundi anayeahidi kuurudisha kwa jeti kubwa anauza moshi.

Lililobaki

Kwenye L16 manifoldi ya kuingiza na ya kutoa ziko upande mmoja wa silinda hedi, na kabureta zinakaa moja kwa moja juu ya eksosi. Ngao ya joto ya kiwandani haikurudishwa Weber zilipofungwa. Pwani, gari likizimwa kwa robo saa likiwa moto, petroli inachemka bakulini, inamwagikia makooni, na gari linakataa kuwaka huku likinuka. Hii hujitokeza kama mchanganyiko mzito, na ni rahisi mtu kuteremsha jeti zilizo sahihi kwa ajili yake. Iliwekwa ngao ya alumini ya milimita 1.5 kati ya kabureta na eksosi, isiyogusa upande wowote, na bomba la petroli likahamishwa kutoka juu ya eksosi. Hadi ngao hiyo inapofungwa, gari la namna hii linawashwa likiwa moto kwa kushikilia pedali nusu, bila kuipampu. Kila ukiipampu, jeti za pampu zinaongeza petroli kwenye makoo ambayo tayari yamelowa.